Pedali Iliyolia Mpaka Kabambare

Ninyi munaniita fundi, wengine daktari wa magari, na mimi ninaitika bila haya, lakini leo niwaambie wazi: iko siku moja masikio haya munayoyasifu yalinidanganya, nikaingia Kabambare nimekalia aibu kama mutu anavyokalia kiti, tena kiti chenyewe cha ngozi, ndani ya gari isiyokuwa na hata paa la kunificha.

Ilikuwa bado wakati wa Wabeleji. Mimi nilikuwa kijana, ninafanya kazi katika garaji ya kampuni moja ya pamba pale Kasongo, na kazi yangu ilikuwa malori, na malori ni kama wazee wa nyumbani, yanaugua ugonjwa uleule kila mwaka, unayazoea. Jirani yangu alikuwa yaya Musafiri, muuza nguo na chumvi, mutu wa zile familia za Waislamu wa mujini, munene, mupole, anayeongea kidogo. Mimi ni Mukristu wa misheni, baba yangu alikuwa mulimaji, lakini nyama ya sikukuu ilikuwa ikivuka ua kutoka pande zote mbili, na mimi nilimwita yaya kama ndugu yangu mukubwa wa tumbo moja.

Sasa yaya Musafiri, aliyekuwa amefiwa na mukewe siku nyingi, akaposa binti Kabambare, jina lake Amina, mutoto wa muzee Sumaili. Muzee Sumaili alikuwa mutu mugumu. Alikubali posa, lakini alisema mbele ya wajumbe kwamba anataka kumuona huyo mukwe wa Kasongo akija kama mutu mwenye heshima yake, si akishuka juu ya gunia za chumvi kwenye lori. Neno hilo lilimuingia yaya Musafiri kama mwiba. Basi, Mugriki mumoja alikuwa anafunga duka lake pale mujini arudi kwao, na alikuwa na gari ya mbio, kuukuu lakini nzuri bado: rangi ya kijani, viti viwili tu, pua ndefu, imelala chini sana, hata ikisimama nyuma ya mbuzi unaona mbuzi kwanza. Yaya Musafiri akainunua. Batri yake ilikuwa imekufa, na ule mukono wa kuzungushia injini ulikuwa umepotea zamani, kwa hiyo kuiwasha ni lazima isukumwe, na ikishawaka hakuna mutu anayetaka kuizima. (Mulishike hilo, kwa sababu hilo ndilo lililoniua.)

Siku moja kabla ya safari akaniita kwake. Nilikuta gari inanguruma katikati ya uwanja, vijana waliokuwa wakiisukuma wamekaa chini wanahema, na nusu ya mutaa imesimama kuangalia.

"Sikiliza, fundi," akaniambia. Akakanyaga pedali ya ambriyaje, ile ya kushoto unayokanyaga ukitaka kubadilisha vitesi, yaani gia.

Gari ikatoa sauti, kwiiii, nyembamba, ya kukereketa meno, kama mutoto wa nguruwe aliyeshikwa masikio.

Watu wakanigeukia mimi. Na hapo, ndugu zangu, ningesema "nipe mpaka jioni niichunguze," ningebaki mutu. Lakini nilikuwa kijana, na kulikuwa na wasichana wakiangalia. Nikaokota fimbo, nikaweka ncha moja kwenye chuma na nyingine sikioni, kama nilivyoona wakubwa wa garaji wakifanya, nikafumba macho, nikamwambia akanyage tena, akakanyaga, kwiiii, nikatikisa kichwa polepole kama mutu aliyeletewa habari ya musiba.

"Ni rulma ya ambriyaje," nikasema. "Ile kipande ndogo ya kuzunguka, inayosukuma ambriyaje ukikanyaga. Inakufa."

Niwaambie kitu ambacho sikumwambia mutu siku ile. Rulma mbovu inalia muda wote muguu wako uko juu ya pedali. Hii ya yaya Musafiri ililia pedali ilipokuwa inashuka tu, ikifika chini ikanyamaza. Nilisikia tofauti hiyo. Nilisikia kabisa. Lakini mudomo ulikuwa umekwisha kusema, na mudomo ukishasema mbele ya watu, masikio yanakuwa wageni tu.

Yaya Musafiri akauliza kama inapona. Nikamwambia rulma ya gari kama hii haipatikani Kasongo, labda iagizwe mbali, na akiendelea kuikanyaga itavunjika njiani na gari italala porini. Halafu akasema kwa sauti ndogo, "Basi nitaenda na lori." Na namna alivyosema hivyo, huku akifuta vumbi kwenye ile pua ya kijani kwa mukono wa kanzu yake, iliniuma. Nikasema neno ambalo lilizaa mengine yote.

"Yaya, mimi nitakupeleka. Nitaendesha mpaka Kabambare bila kukanyaga ambriyaje hata mara moja."

Inawezekana, musinitazame hivyo. Unasikiliza injini, unangoja ikubaliane na vitesi, unasukuma mukono wa vitesi taratibu, unaingia. Malori nilikuwa ninayafanyia hivyo kwa mchezo. Kitu ambacho sikufikiri ni hiki: bila ambriyaje unaweza kwenda, lakini kusimama na kuondoka tena ni habari nyingine. Kila ukisimama, ni watu wakusukume gari ikiwa tayari imetiwa vitesi, nzito kama imefungwa kwenye kisiki, mpaka iruke na kuwaka.

Tulitoka Kasongo alfajiri, vijana wa mutaa wakitusukuma na kupiga vigelegele, yaya Musafiri amevaa kanzu nyeupe na kofia ya kushonwa kwa mukono, amekaa wima kama picha. Mwanzo ilikuwa raha. Upepo, jua linachomoza, watu barabarani wanasimama kutuangalia, na mimi ninabadilisha vitesi kwa masikio tu, sikanyagi kitu, ninajiona mufalme wa mafundi wa Maniema nzima.

Karibu na Wamaza saa ya kuswali ikafika, yaya akasema lazima asimame. Nikamwambia, yaya, tukisimama hapa nani atatusukuma? Akasema Mungu atatuma watu. Akaswali kando ya njia, na injini, iliyokuwa imechoka kungoja, ikakohoa ikazimika. Mungu alituma watu kweli, lakini alituma wanawake waliokuwa wanatoka shamba la mihogo, wenye vikapu vyao mugongoni. Waliweka vikapu chini, wakatazama ile gari, wakamtazama yaya Musafiri na kanzu yake, wakatazamana.

"Baba," mumoja akamuuliza, mutu muzima mwenye sauti ya kupoa, "hii gari yenu inawabeba ao ninyi ndio munaichunga?"

Wakatusukuma hata hivyo, huku wakituimbia wimbo walioutunga palepale, na yaya Musafiri naye alisukuma, juu ya vile uzito wa gari haukuwa mudogo, akateleza, akaanguka kifudifudi kwenye ule udongo mwekundu. Gari ikawaka, ikaruka, sikuweza kumungojea, na ilibidi akimbie na kujitupa ndani kwa tumbo. Alipokaa sawa, kanzu ilikuwa nyeupe mugongoni na nyekundu mbele. Hakunilaumu. Alisema tu, "Endesha, ndugu yangu." Hilo lilinichoma kuliko matusi.

Baada ya hapo hatukusimama tena. Kwenye madaraja ya magogo nilipita nimeshika roho. Watu wa kutengeneza njia walituinulia mikono tuwasalimie, tukapita kama hatuwaoni. Mbwa mumoja alitufukuza mpaka akachoka. Na hivyo ndivyo tulivyoingia Kabambare jioni, saa ile ya kushusha bendera.

Munaojua zamani hizo munajua maana yake. Jioni polisi walipanga mustari mbele ya ofisi ya teritwari, ile ofisi ya serikali ya wilaya, mumoja akapiga tarumbeta, bendera ikashuka polepole, na wakati huo kila kitu kinasimama: mwenye baiskeli anashuka, mwenye muzigo anautua, mwenye kofia anaivua. Asiyesimama analala ndani, halafu anapewa jembe akatengeneze njia, ao anapewa fimbo, kadiri Bwana Administrata, ule Mubeleji mukubwa wa ofisi, alivyoamka siku hiyo. Na nyumba ya muzee Sumaili ilikuwa juu ya kilima kidogo, palepale mbele ya ile ofisi.

Nikaona mustari wa polisi. Nikasikia tarumbeta inaanza. Nikafikiri haraka: nikisimama hapa chini ya kilima, watu wote wamekauka kama miti, nani atasukuma? Mukwe aingie kwa muzee Sumaili anasukuma gari, na kanzu ile? Nikamwambia yaya, "Vua kofia. Tutapita polepole kabisa, kwa heshima." Akavua kofia. Uso wake ulikuwa na rangi ya majivu.

Polepole kabisa, gari hiyo haijui. Bila ambriyaje, ukipunguza mwendo kwenye kilima, inaanza kuruka, inarusha vichwa vyenu mbele na nyuma, na ndivyo tulivyopita mbele ya bendera, tunaitikia kwa vichwa kama tunakubali kila kitu, na tulipofika sawasawa na tarumbeta, injini ikapasuka kwa nyuma, paaa, kama bunduki. Mupiga tarumbeta akakatika katikati ya wimbo. Polisi wawili wakalala chini. Mimi niliona pembeni ya jicho kaptula nyeupe na soksi ndefu, nikajua ni Bwana Administrata mwenyewe, sikugeuza shingo. Gari ikapanda kilima, ikafika mulangoni kwa muzee Sumaili ambako ukoo mzima ulikuwa umesimama nje umevaa, ikatetemeka mara ya mwisho, ikafa.

Kaporali wa polisi alifika nyuma yetu akihema. Nikamweleza, juu ya woga maneno yalitoka mengi: rulma imekufa, ambriyaje haikanyagiki, gari haiwezi kusimama na kuondoka, si dharau, ni ugonjwa. Akaenda, akarudi na jibu. Gari isiondoke. Fundi asiondoke. Asubuhi nifungue chuma mbele ya Bwana Administrata, aione hiyo kipande iliyokufa kwa macho yake. Isipoonekana, fundi na mwenye gari wataingia ndani wote wawili.

Muzee Sumaili alikuwa amesimama kizingitini, amesikia yote. Aliitazama kanzu ya yaya Musafiri kutoka shingoni mpaka miguuni. "Karibuni," akasema. "Kesho tukijua kama mukwe wangu ni mutu ao ni mufungwa, tutaongea habari ya ndoa."

Habari za usiku huo sisemi. Kulipopambazuka nilikuwa tayari chali chini ya gari, na funguo zangu, ninafungua buloni moja baada ya nyingine, nimefurahi kidogo hata, juu ya nilijiambia: rulma nitaitoa, nitaionyesha, imevunjika, mambo yatakwisha. Ukoo ulikuwa umekaa kwenye mikeka uani unatuangalia. Amina mwenyewe alikuwa dirishani na mutandio wake, sikuona uso. Na bibi yake, mama mzaa baba, muzee sana anayetembea na mukongojo, alipoona kile kiti cha ngozi kiko wazi hakina mutu, akasema mukeka unamuumiza kiuno, akapanda, akakaa mahali pa shofere, akanyoosha miguu.

Kwiiii.

Ilikuwa juu ya sikio langu. Si katika fimbo, si kwa mbali, ni hapa. Mikono yangu ikasimama.

"Bibi," nikasema kutoka chini, "umegusa nini?"

"Sijagusa kitu. Nimeweka muguu."

"Weka tena."

Akaweka tena. Kwiiii. Injini ilikuwa imekufa tangu jana. Hakuna kitu kilichokuwa kinazunguka ndani ya gari ile, hakuna rulma ya kulia, kulikuwa na pedali tu, na kifimbo cha chuma kinachoishika, kikavu, kimejaa kutu na vumbi jekundu, kinasugua tundu lake mbele ya pua yangu. (Mutaniuliza, hamukusikia mulipokuwa munasukumwa Kasongo? Vijana wakipiga makelele vile, nani angesikia. Na njia nzima mimi sikukanyaga. Hiyo ndiyo ilikuwa sifa yangu.)

Bibi akauliza kwa sauti ya kusikika ua mzima, "Wanangu, si mulisema hii gari imekufa? Sasa kinacholia ni nini?"

Hakuna aliyecheka. Ingekuwa nafuu. Yaya Musafiri akainama, akaingiza kichwa chini ya gari, akanitazama. Alikuwa ameelewa. "Haikuvunjika," akasema.

"Haikuvunjika, yaya."

"Tutafungwa juu ya haikuvunjika."

"Ndiyo."

Akatazama nyundo yangu chini. Mimi pia niliitazama. Mawazo yetu yalikuwa mamoja: rulma iko, nyundo iko, pigo moja. Na ningeipiga, siwafichi, kama si kwamba bibi alikuwa ameipenda ile sauti. Alikuwa anakanyaga na kuachia, anakanyaga na kuachia, kwiiii, kwiiii, anacheka peke yake kama mutoto, na katikati ya hiyo kwiiii tukasikia viatu, na watu kwenye mikeka wakasimama.

Niliona zile soksi ndefu zikija mpaka karibu na gurudumu, zikasimama. Bibi akakanyaga. Soksi hazikusonga. Bibi akakanyaga tena. Bwana Administrata akauliza, kwa ile Swahili yao ya amri, "Moteri iko inatembea?"

"Hapana, Bwana," nikajibu nikiwa bado chini. "Moteri imelala."

Halafu kitu ambacho sikukitegemea: magoti meupe yakashuka kwenye udongo, na uso mwekundu ukaingia chini ya gari, upande wa pili, tukatazamana. Akanyoosha kidole, akagusa kile kifimbo cha pedali, akaona kutu kwenye kidole chake.

"Mafuta," akasema.

Amina ndiye aliyeleta, mafuta ya mawese katika kikombe. Nilimimina mimi kwa haraka, mengine yakaniingia kwenye mukono wa shati. Nikamwambia bibi akanyage. Akakanyaga. Hakuna kitu. Akakanyaga kwa nguvu. Hakuna kitu. "Mumeiua," bibi akasema kwa masikitiko.

Nilikuwa ninangoja neno "kaporali." Badala yake, Bwana Administrata alibaki pale chini anatazama ile pedali, halafu akaongea polepole, sauti ya chini kabisa, nafikiri hakutaka waliosimama wasikie.

"Ule Mugriki alitaka kuniuzia mimi hii gari. Mwaka jana. Nilikanyaga, nikasikia. Nikamwambia, ambriyaje yako imekufa, sitaki."

Nikasema, "Inalia sawasawa na rulma, Bwana."

"Sawasawa kabisa," akasema.

Tulikaa hivyo kidogo, watu wawili, mumoja chali na mumoja kwa magoti, chini ya gari moja, wajinga wa ugonjwa mumoja, na niliona waziwazi anapima: akinifunga mimi kwa kutojua pedali kavu, itabidi kaporali aandikiwe sababu, na sababu hiyo iko inamugusa na yeye. Akanitazama kwa ukali. "Hutamwambia mutu."

"Siwezi, Bwana."

Akatoka, akajipangusa magoti, akasema kwa sauti kubwa ya kazi kwamba gari ilikuwa na ugonjwa kweli, yeye ameuona, fundi aifunge, na jioni bendera ikishuka fundi na mwenye gari wasimame mbele kabisa, moteri imezimwa. Akaondoka. Kaporali akabaki akitutazama kama mutu aliyenyang'anywa sahani.

Jasho lilinitoka hapo ndipo nikajua nilikuwa nimelizuia tangu jana. Nilibaki chini ya gari muda murefu, watu wakafikiri ninafunga buloni, lakini nilikuwa nimelala tu, ninatazama ile chuma nyeusi, ninapumua. Yaya Musafiri alikuja akakaa kwenye udongo karibu na miguu yangu, na kanzu ile, tukaanza kucheka bila sauti mpaka tumbo likauma.

Ndoa ilifungwa mchana ule. Muzee Sumaili hakusema neno la furaha, lakini alimupa mukwe wake kanzu yake mwenyewe, iliyombana tumboni, na jioni sisi wawili tulisimama mbele ya bendera, mikono imenyooka, na Kabambare nzima nyuma yetu inajizuia kucheka. Kesho yake yaya aliondoka na Amina wake, yeye mwenyewe akiendesha, anakanyaga ambriyaje anavyotaka. Viti vilikuwa viwili. Mimi nilirudi Kasongo juu ya lori la chumvi.

Kwa Bwana Administrata nilitimiza ahadi, sikufungua mudomo mpaka Wabeleji walipokwenda kwao. Na kwangu mwenyewe niliweka ahadi nyingine, na hiyo nimeishika mpaka leo: mutu akiniletea gari inayolia, hata kama kuna umati, hata kama mwenyewe anaharakisha, kwanza ninazima, ninangoja kimya kiingie, ndipo ninakanyaga. Na nikiulizwa ni nini, ninasema sijui bado. Neno hilo ni jepesi sana, kumbe. Ningelijua siku ile, yaya Musafiri angeingia Kabambare na kanzu nyeupe pande zote mbili.